Mbwa anayeng'aka ukimshika miguu

Dada yangu, unasema Simba anakung'akia kila ukimshika mguu kumtoa kupe, na mara ya mwisho mlimkandamiza watu wawili. Tafadhali msirudie. Mbwa aliyekandamizwa hasahau. Kesho atakimbia akiona tu mnajiandaa kumtoa kupe.

Anza upya, bila kumtoa chochote. Jioni akiwa ametulia, kata nyama vipande vidogo kama punje za mahindi. Mguse begani, mpe kimoja. Telezesha mkono hadi kwenye kiwiko, mpe kingine. Akiuvuta mguu, mwachie papo hapo, usishindane naye: akishajua kwamba anaweza kukataa nawe ukamsikiliza, hofu inapungua. Dakika mbili kwa siku zinatosha. Wangu alichukua wiki tatu kuniruhusu nimpanue vidole vya mbele, na miguu ya nyuma ikataka wiki mbili zaidi.

Ila kwanza hakikisha hana maumivu. Kupe na funza hupenda kujificha katikati ya vidole. Ukiona wekundu, uvimbe, au analamba sehemu moja muda wote, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya mazoezi yoyote. Kupe mwenyewe mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumminya.

Na mafuta ya taa au oili chafu ya gari usimpake Simba ili kuua kupe, hata jirani aseme nini. Vinaunguza ngozi, na akijilamba vinamdhuru tumboni.