Usingizi si kosa lako, ni la msomaji

Dada yangu, unasema kitabu cha kwanza cha sauti kilikulaza kwenye daladala, na sasa hujui uende kwenye riwaya au tawasifu. Usikate tamaa. Nahisi aliyekuchosha ni msomaji, yule anayekisoma kwa sauti, si kitabu.

Anza na tawasifu, tena iliyosomwa na mwenyewe. Chukua Born a Crime ya Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini. Akifika kwa mama yake, sauti inageuka, anaingia Kixhosa bila kujikwaa, kisha anarudi kwenye Kiingereza chake kama hakuna kilichotokea. Msomaji wa kukodiwa angeyatafuna maneno yale. Obama naye alipata tuzo ya Grammy mwaka 2006 kwa kusoma tawasifu yake, Dreams from My Father, ila ile ni ya kufupishwa. Hilo liangalie kila mara kabla hujalipa.

Riwaya ni habari nyingine. Mwandishi hodari anaweza kuwa msomaji baridi kabisa, wahusika wote wakatoka na sauti moja. Huko mimi natafuta mwigizaji. Adjoa Andoh kwenye Americanah, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, anamtenganisha Mnigeria na Mmarekani hata kabla hujatajiwa jina. Lakini wapo wanaoigiza kupita kiasi, kila mtoto analia kama paka. Hao siwawezi, jamani.

Sampuli ni bure, isikilize yote. Msomaji mzito mwongezee spidi hadi mara 1.25. Noah usimguse, maana utani wake uko kwenye zile sekunde anazonyamaza.