Juzuu Mbili za Kitereza Kabatini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa ghala la korosho, Masasi. Marehemu babu aliniachia juzuu mbili za riwaya ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Kila minada ikiisha nasema sasa naanza. Nasoma kurasa chache, watu wanasalimiana na kuulizana hali, nachoka, narudisha kabatini. Naambiwa ni riwaya ya kihistoria lakini vita sivioni. Nivumilie au nimpe mjomba, anakitaka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba usimpe. Kitabu kikishaingia kwa mjomba unajua mwenyewe habari yake.

Vita usitafute humo. Kitereza aliandika jinsi watu wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, walivyolima, walivyovua, walivyoozana, walivyouguzana na walivyozikana kabla Wazungu hawajaingia. Alizaliwa 1896, akasoma seminari, na aliona mambo ya wazee yanapotea huku yeye anayatazama. Mswada aliumaliza 1945 kwa Kikerewe, asipate wa kuuchapa. Uzeeni, mwili ukiwa umeshikwa na baridi yabisi, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakautoa 1980, na 1981 mzee akafariki. Kitabu hicho kimezoea kusubiri, miaka yako kabatini haikisumbui.

Kinachokukwamisha ni kukisoma kama unayepakia magunia huku dereva anapiga honi. Nenda moja kwa moja kwenye kisa. Bugonoka hajajaliwa mtoto, ndugu wa mume wanamsema vibaya, wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Desturi ingemruhusu Myombekere kuoa mwingine yamwishe. Yeye anashika njia kwenda ukweni kuomba mke wake arudi, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Basi hapo Kitereza hana haraka kabisa. Pombe inavyotengenezwa, nani wa kumsaidia, inavyofikishwa ukweni, yote utaelezwa. Mimi hapo ndipo aliponikamata. Mwanamume anayehangaika hivyo kwa ajili ya mke asiyezaa simkuti mara nyingi katika riwaya zetu, hata za juzijuzi.

Sehemu hiyo isome kwa sauti, na wakubwa wa nyumbani wawepo. Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo unakwenda kwa mama, na zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Niliwasomea majirani zangu Chikongola, Mtwara mjini, tukibangua korosho uani. Hatukumaliza hata ukurasa. Mama mmoja alitaka kujua kwa nini mwanamke ndiye afungashe, "kwetu angefungasha yeye mume!" Mwingine akamjibu kwamba hata huku mgumba husemwa, tena na ndugu zake mwenyewe. Korosho zililala, mabishano yakaenda mpaka magharibi. Zile salamu ndefu unazozikimbia, bibi mmoja alizifurahia kuliko yote. Alisema siku hizi watu wanaingia nyumbani kwake wakitazama simu.

Juzuu la pili, la watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, kwa ladha yangu ni zito zaidi. Mwandishi anafundisha mno, hadithi inamngoja nje. Hapo ukiruka kurasa sitakulaumu. Ila la kwanza limalize kabla hamjaanza kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya ukungu, maana ukiingia msimu mwingine najua litarudi kabatini.

SWALI: Mwalimu, niko Nachingwea. Cha Kiswahili nimekikosa kila duka, rafiki ana cha Kiingereza. Nisome hicho?

JIBU: Soma. Ni kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na mwenyeji wa Ukerewe, iliyotoka 2002. Aliitafsiri kutoka kwenye mswada wa Kikerewe, wala hakupitia Kiswahili, kwa hiyo usijione umepewa makombo. Ila kwa kuwasomea wazee uani hakitakufaa. Endelea kuulizia cha Kiswahili, hasa kwa walimu wastaafu. Wengi wanacho na hawakumbuki.