Maswali na Majibu: Chapa za Mbao za Waigizaji wa Kabuki, Maigizo ya Jadi ya Japani

Nina chapa yenye sahihi ya Toyokuni. Ina thamani gani?

Sitaji bei ya kitu nisichokiona, na nimekwisha kuomba mara nyingi kwamba anayeuliza aeleze kwanza mihuri, karatasi na hali ya kingo. Jina la Toyokuni, mchoraji wa chapa, lilirithiwa: mwenye jina hilo wa kwanza alifariki mwaka 1825, na mwanafunzi wake Kunisada akalichukua mwaka 1844. Anzeni na muhuri wa ukaguzi, ambao serikali iliuhitaji kuanzia mwaka 1790 na ambao umbo lake lilibadilika kadiri miaka ilivyopita. Kisha tazameni nembo kwenye mavazi. Miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, ni ya ukoo wa waigizaji wa Ichikawa Danjuro.

Chapa yangu haina jina la mwigizaji. Je, ni bandia?

Si lazima. Mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku chapa za waigizaji, na biashara iliporejea wachapishaji wengi waliendelea kwa miaka kadhaa kuacha majina. Wapenzi wa kabuki mjini Edo (Tokyo ya sasa) walimtambua mtu wao kwa pua na taya.

Kwa nini wanawake wa kwenye chapa hizi wana sura za kiume?

Kwa sababu ni wanaume. Wanawake walikatazwa kupanda jukwaani mwaka 1629. Kile kitambaa cha zambarau juu ya paji la uso hufunika sehemu iliyonyolewa.

Sharaku, mchoraji wa chapa za waigizaji, alikuwa nani hasa?

Hakuna jibu lililothibitishwa, na ninasikitika kwamba swali hili limemeza mengine yote. Alifanya kazi kati ya mwaka 1794 na mwanzoni mwa 1795, chini ya mchapishaji Tsutaya Juzaburo, kisha akatoweka. Katika chapa yake moja, mtazameni mwigizaji Otani Oniji wa Tatu akiigiza kama Edobei: shingo imesukumwa mbele, macho yamekazwa, na viganja vidogo mno kwa uso ule vinachomoza kifuani vikiwa vimetanua vidole, huku nyuma yake kukiwa na giza linalometa kwa unga wa ulanga. Ulanga ule haukupakwa na Sharaku. Mchoraji alitoa mchoro wa wino tu. Mchongaji aliubandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuchonga nywele za panja unywele kwa unywele, kazi iliyouharibu mchoro wenyewe, kisha mchapaji akapanga rangi, kila moja kwa ubao wake. Kumsifu mwenye sahihi peke yake ni kuwadhulumu mafundi hawa, na wauzaji wanaojaza matangazo yao jina moja wanaendeleza dhuluma hiyo.

Naweza kuitundika sebuleni?

Si mahali penye jua. Buluu na zambarau za zamani, zilizotokana na maua, hupauka kwa mwanga na hazirudi. Msiibandike kwa gundi wala msiikate kingo ili iingie kwenye fremu, kwani mara nyingi muhuri wa mchapishaji uko pembeni.

Nimetazama kwa lenzi, sikuona nukta. Basi ni ya asili?

Hapana. Nukta huonyesha nakala ya mashine, lakini zipo nakala nzuri zilizochongwa upya kwenye mbao katika karne ya 20, nazo hazina nukta hata moja. Kabla hamjalipa, ilinganisheni chapa hiyo mstari kwa mstari na ile iliyohifadhiwa katika makumbusho.