Mwanangu, kuhusu shahada yako ya Dar na joho la London

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata na nimeisoma, kisha mama yako akanisomea tena kwa sauti kana kwamba sikuielewa. Unauliza kama shahada yako ya sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaweza kukufikisha kwenye ubarista huko Uingereza, yaani uwakili wa kusimama mbele ya jaji kwa joho na wigi, au ubaki kwenye njia ya usolisita, yaani uwakili wa ofisini wa kuwashauri wateja na kuandaa kesi, maana tayari unafanya kazi katika ofisi ya masolisita hapo Leicester.

Kwa upande wa karatasi jibu ni fupi, na wewe mwenyewe umekwisha kulipata. Shahada yako wataitambua, lakini sheria uliyoisoma si ya kwao, kwa hiyo utaanza na kozi ya kubadili ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, upate misingi yao ya mikataba, jinai, ardhi na amana. Baada yake yapo mafunzo ya Bar, yaani ya ubarista wenyewe, na kabla ya kuyaanza ni lazima ujiunge na mojawapo ya zile Inn nne, vyama vya mabarista vya London, Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple, na kuhudhuria vikao vyao 10 kabla ya kuitwa, yaani kupokewa rasmi kuwa barista. Hata ukisha kuitwa hutasimama mahakamani kama barista mpaka upate uanagenzi wa miezi 12 chini ya wakili mzoefu, na hapo ndipo penye msongamano, kwa sababu wanaofaulu mafunzo ni wengi kuliko nafasi za uanagenzi.

Lakini nahisi ulichotaka kuniuliza hasa ni kama miaka yako ya Mlimani imepotea bure. Nimekuwa karani wa mahakama karibu umri wangu wote wa kazi, na neno langu unalijua: mahakama haisikilizi cheti, humsikiliza aliyeijua kesi yake.

Ami yako aliporudi kutoka London mwanzoni mwa miaka ya 1980, amekwisha kuitwa Lincoln's Inn, nyumba nzima ilimwona jaji mtarajiwa, na joho lake lilitundikwa sebuleni ili wageni walione. Ndipo ikazuka ile kesi ya minazi ya bibi yenu kule Pangani. Ami akavaa suti, akabeba vitabu, akaenda kumtetea mamaye. Hakimu wa mahakama ya mwanzo akamweleza kwa upole kwamba sheria hairuhusu wakili kusimama pale (najua siku hizi imelegezwa), ila ndugu wa mdaawa anaweza kuruhusiwa endapo mdaawa mwenyewe ataomba. Bibi yenu akainuka, akasema, "Namwomba huyu, kitinda mimba wangu." Basi barista wa Lincoln's Inn akarekodiwa kama mtoto wa mdai.

Alizungumza kwa muda mrefu na kwa ufasaha, akiwataja majaji wa Uingereza ambao wazee washauri hawakuwahi kuwasikia, nao wakamsikiliza kwa adabu zote. Kisha mzee mmoja akamuuliza kisima kiko upande gani wa mpaka. Ami hakujua, kwa sababu hakuwa amekwenda shambani. Bibi yenu akamvuta koti, Ami akakaa, na bibi mwenyewe akaeleza nani alipanda, nani alikuwa akiangua, na nani amezikwa chini ya mnazi upi. Hukumu ilimwendea yeye. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu barazani. Ami yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiacha chakula mezani kila nilipoisimulia.

Mama yako anasema kisa hiki kinawaonea waliosoma ng'ambo, na huenda ni kweli. Ami alikuja kuwa wakili wa kuogopwa Mahakama Kuu, na ile namna yake ya kumhoji shahidi bila kupaza sauti hakuipata Pangani, aliipata London. Tena kuifuata Bar ya London si jambo geni kwetu: kabla ya kitivo cha sheria kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, vijana wa Afrika Mashariki walioutaka uwakili walikwenda huko, kama Argwings-Kodhek aliyepitia Lincoln's Inn na Charles Njonjo aliyepitia Gray's Inn. Wao nyumbani hawakuwa na pa kusomea. Wewe unapo, na hapa ndipo ninapogombana na nafsi yangu.

Uliondoka na shahada bila kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hukuapishwa na Jaji Mkuu, na kwa hiyo huko unahesabiwa mhitimu tu. Wakili aliyekwisha kusajiliwa na kufanya kazi mahakamani nchini mwake huiomba Bar Standards Board, chombo kinachowasimamia mabarista, imsamehe sehemu ya masharti, pengine akabakiwa na mitihani ya kuhamia tu. Nilijiapiza nisiliseme hili, maana utadhani nakuvuta nyumbani. Nakuvuta, ndiyo, lakini hoja ina uzito wake hata nikinyamaza. Mama yako naye anashikilia usolisita: mtihani wa masolisita ulioanza mwaka 2021 unaipokea shahada yako, kazi ya ofisini unayoifanya inaweza kuhesabiwa katika miaka 2 ya uzoefu wanayoitaka, na solisita naye anaweza baadaye kupata haki ya kusimama katika mahakama za juu. Sina la kumpinga, na hilo linaniudhi.

Sitakuchagulia, ingawa kalamu inaniwasha. Utakapojibu, niandikie kesi moja uliyoiandaa hapo ofisini, bila majina ya wateja, tangu ilipoingia mpaka ilipoamuliwa, na uniambie siku ya kusikilizwa ulikaa wapi na ulitamani kusema nini. Mama yako anauliza pia kama ada ya ile kozi hulipwa kwa awamu, maana ameanza kupiga hesabu za machungwa ya Muheza, na mimi sijamwambia lolote.

Baba yako