Jibu: Pundamilia wa Pango la Kuumbi walifikaje Unguja?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza pundamilia ambao mifupa yao imekutwa katika Pango la Kuumbi, huko Jambiani, Unguja, walifikaje kisiwani, na vipi wataalamu wanavutana kuhusu umri wa mabaki ya pangoni.

Walikuja kwa miguu. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa takriban mita 120, na mkondo baina ya Unguja na bara ni wa maji haba, kwa hivyo ulikuwa nchi kavu. Pemba ni tofauti kabisa: mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka.

Mvutano mkubwa ni wa kuku. Mwanaakiolojia Profesa Felix Chami alichimba pangoni 2005, akatangaza mifupa ya kuku na mifugo mingine ya tangu kabla ya Kristo. Waliochimba baadaye hawakuikuta katika matabaka hayo ya kale. Kwa maoni yangu hawa wa pili wana hoja nzito zaidi, kwani udongo wa pangoni hautulii. Kaa na panya huchimba, kipande cha mkaa kikashuka tabaka la chini, na ukikipima umri kwa kaboni peke yake umepotea. Pimeni vipande kadhaa kutoka kila tabaka.

Tahadhari na makombe, yaani magamba ya konokono na chaza: ya pwani huonesha umri uliozidi kwa karibu miaka 400, na ya konokono wa nchi kavu huzidi vibaya zaidi, kwa sababu mnyama hula chokaa ya jiwe lenyewe. Mfupa nao, kwa joto letu, hupoteza protini inayopimwa umri. Mkaa wa kijiti chembamba ndio wa kuaminika. Ufungeni kwenye karatasi ya aluminiamu, msiutie gundi.