Re: Kama Mungu wa Wayahudi hana umbo, sisi tumefanana naye vipi?

Mkuu, swali lako limewasumbua marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi) wenyewe. Maimonides (1138–1204), rabi na mwanafalsafa, alishikilia kwamba Mungu hana mwili kabisa, na mfano wa Mungu tulioumbwa nao, unaotajwa Mwanzo 1:27, ni akili ya kufahamu. Akaenda mbali zaidi, akamwita mzushi wa dini yeyote anayesema Mungu ana mwili. Rabi Abraham ben David wa Ufaransa akamjia juu: mbona waliokuwa bora kuliko wewe waliamini kwamba Mungu ana mwili? Na huyo wala hakuwa anatetea Mungu mwenye mwili!

Mimi jibu la akili pekee halinitoshi. Mtoto mchanga ambaye bado hafahamu je? Ndiyo maana napenda kisa cha Hillel, mwalimu wa kale wa Kiyahudi, kwenye midrashi (maelezo ya kale ya marabi juu ya Maandiko). Wanafunzi walimuuliza anakwenda wapi, akasema kutimiza amri ya Mungu. Amri gani? Kuoga. Wakashangaa. Akawaambia sanamu za wafalme kwenye kumbi za michezo zina mtu anayelipwa kuzisugua, sembuse mimi niliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Hapo mwili wenyewe una heshima.

Kuhusu thamani ya mtu, soma Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi), sehemu ya Sanhedrin 4:5. Mashahidi wa kesi ya hukumu ya kifo walionywa kwamba anayeangamiza nafsi moja ni kama ameangamiza ulimwengu mzima, na kwamba Adamu aliumbwa peke yake ili mtu asimwambie mwenzake, "Baba yangu ni mkubwa kuliko wako." Ukikuta nakala imeandika "nafsi moja ya Israeli", ujue nakala nyingi za kale hazina nyongeza hiyo.