Mwanangu, kiu hiyo usiizoee

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako uliingia saa saba za usiku nikiwa nimelala, nikausoma alfajiri baada ya kuswali. Umeniuliza: "Mama, mtu anajuaje kama mwili unamwambia kitu au ni uchovu tu wa kazi?" Halafu chini yake, kama mtu anayepita tu, ukaandika kwamba siku hizi unaamka mara tatu kukojoa, chupa ya maji unailaza kando ya mto, na labda ni joto la Dar. Mwanangu, huo mstari wa chini nimeurudia mara nyingi kuliko swali lenyewe. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu utanikatiza useme "mimi mzima, mama", na tutahamia kwenye habari za watoto.

Nianze na baba yako. Mwaka 2011 ulikuwa kidato cha pili, unalala bwenini, mengi hukuyaona.

Alikuwa bado anaenda ziwani. Akirudi pale Kibirizi asubuhi na kufika nyumbani, kabla hajavua koti anaulizia maji. Jagi la bluu la lita mbili lilikuwa linaisha kabla ya adhuhuri. Tukasema ni moshi wa karabai na upepo wa ziwani, vinakausha koo. Usiku anatoka, anarudi, anatoka tena. Tukasema maji yote yale aliyokunywa lazima yapate pa kutokea. Hapo ndipo tulipopotea njia, mwanangu, maana jambo tulilishika kinyume. Sisi tulidhani anakojoa kwa sababu anakunywa, kumbe alikuwa anakunywa kwa sababu anakojoa. Daktari alikuja kunieleza baadaye. Sukari ikizidi kwenye damu, figo hushindwa kuizuia, nayo humwagika kwenye mkojo, na ikitoka haitoki peke yake, huvuta maji ya mwili. Mwili unakauka, unalilia maji. Na kwa kuwa sukari haiingii kwenye nyama kama inavyotakiwa, mwili unaanza kula mafuta yake na nyama zake wenyewe.

Huko kuliwa tulikuona pia, na tukakushangilia. Alikuwa anapasha msumari kwenye mkaa anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali. Yalifika matundu matatu. Mwaloni wanamwambia amerudi ujana.

Kuna kitu sijawahi kumweleza mtu. Ndara zake nyeusi zilikuwa na madoa meupe juu, usawa wa vidole, kama matone ya uji yaliyokauka. Kila siku ya kufua nilikuwa nayasugua kwa brashi na sabuni ya mche, na wiki inayofuata yamerudi. Yalikuwa matone ya mkojo: maji yamekauka, sukari imebaki. Ugonjwa wa mume wangu niliushika mkononi kila Ijumaa nikausugua, na sikuuliza.

Akaanza kulalamika ganzi, anasema miguuni ni kama sisimizi wanamtembea. Macho yakaingia ukungu, halafu yanatakata. Kwenye duka moja la dawa aliuziwa dawa ya malaria mara tatu, na hakuna aliyemtoboa kidole hata mara moja. Mwisho, siku moja ameingia ndani kutoka sokoni, nikaona damu sakafuni, alama moja moja kila alipokanyaga. Nikamwambia akae. Msumari ulikuwa umepita kwenye soli ya ndara ukazama kisiginoni, naye ametembea nao njia nzima. Akageuza mguu akautazama kama mguu wa mtu mwingine. Hakuwa amesikia chochote. Walipompima sukari hospitalini ilikuwa 24. Habari ya kidonda kilichokataa kupona, na mguu uliokatwa chini ya goti, hiyo unaijua.

Sasa tazama, katika yote hayo kilichokosekana ni maumivu. Kiu hailii. Mkanda kulegea hakuumi. Hata msumari haukuuma. Na kila dalili tulikuwa tunaipa sababu yake nzuri, tunaendelea na shughuli. Ndiyo maana ukiniuliza mtu anajuaje, nakwambia usiupime mwili kwa kuuliza unauma wapi. Ulizia kawaida yako. Wewe tangu mdogo ukilala umelala, hata mvua ya bati haikuamshi. Leo unaamka mara tatu. Hiyo si kawaida yako, na uchovu haumwamshi mtu usiku kwenda msalani. Na ulizia imeanza lini. Jambo geni mwilini likivuka wiki mbili, lipeleke kwa mwenye kipimo.

Kwako nina sababu nyingine za kutokuchelewesha, na nitazisema wazi maana mimi ni mama yako. Damu ya baba yako unayo, na sukari hii hutembea kwenye ukoo. Mwanao wa mwisho alizaliwa na kilo 4 na gramu 300, tukapiga vigelegele. Siku hizi najua kwamba mtoto wa kuvuka kilo 4 anaweza kuwa ishara kwamba mama alikuwa na sukari ya ujauzito, na aliyekuwa nayo yuko hatarini zaidi kuipata ya kudumu. Tena Idi iliyopita uliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba muwasho wa sehemu za siri unaondoka kwa dawa ya kupaka halafu unarudi. Fangasi wanaorudi rudi wanapenda mwili wenye sukari nyingi. Huenda si hilo, na Mungu ajaalie lisiwe hilo, lakini mambo manne yakikaa mkeka mmoja sitayaita joto la Dar.

Nikwambie na ya shangazi yako wa Gungu, kwa kuwa nyinyi vijana mnaamini kilichopita kimekwisha. Alikuwa anakaanga chapati, upawa ukamdondoka mkononi. Akainama kuuokota, ukadondoka tena. Binti yake akamwona mdomo umevutwa upande mmoja, akisema maneno hayashikani, kama mtu mwenye muhogo wa moto mdomoni. Robo saa baadaye mdomo umerudi, anacheka, anamalizia chapati zake. Akasomewa, akapumzika. Kisomo sikikatai, lakini hakuna aliyempima presha. Siku ya tatu hakuweza kuinuka kitandani, upande wa kulia wote umelala. Ile robo saa ilikuwa kiharusi kinabisha hodi. Mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu ghafla, au maneno yakivurugika, hata kwa dakika tano, ni hospitali saa hiyohiyo, kwa bodaboda, kwa bajaji, kwa chochote kilichopo. Na shangazi yako hakuwahi kuumwa kichwa maisha yake yote. Presha haina desturi ya kutoa taarifa, dalili yake kwa watu wengi ni namba tu: ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, ni presha.

Mengine nayapitia haraka. Kikohozi cha wiki mbili, hasa ukitoka jasho usiku na kukonda, kapime kifua kikuu, makohozi wanayapima bure. Uvimbe kwenye titi usiouma, au ngozi ya titi kubonyea, usisubiri uume. Damu baada ya tendo la ndoa, au kwa sisi tuliokwisha kukoma hedhi, usiiite hedhi iliyopotea njia. Huku kwetu mtu akiona damu kwenye choo anasema kichocho cha ziwani, anatafuta vidonge, amemaliza. Huenda ni kweli kichocho. Lakini akapime, hasa akiwa mtu mzima, kwa maana saratani ya utumbo nayo hutoa damu.

Turudi kwako. Ijumaa hii kula chakula chako kabla ya saa mbili usiku. Baada ya hapo ni maji matupu, hata chai bila sukari usinywe. Jumamosi saa mbili asubuhi uwe kituo cha afya, waambie unataka kupima sukari kabla hujala kitu. Wakupime na mkojo na presha hapohapo. Sukari ya asubuhi ikiwa 7 au zaidi, watairudia siku nyingine kuhakikisha. Ikiwa juu ya 6 kidogo, nayo usiifurahie, waulize wakueleze. Unga wa mlonge aliokuletea jirani uweke kabatini kwanza, usiuguse mpaka ujue namba yako, usije ukakuficha jambo. Na ukianza kutapika, tumbo likauma, pumzi ikawa nzito ya haraka, au wakasema mdomo wako unanuka kama tunda lililoiva sana, usisubiri Jumamosi wala kupambazuka. Mwamshe mume wako mwende.

Najua unachoogopa. Unaogopa mguu wa baba yako. Lakini yeye alichelewa, nadhani kwa miaka, na hata hivyo aliishi miaka 9 baada ya hapo, akawaoza dada zako wawili. Anayegundulika mapema anaanza na chakula, kutembea, na kidonge, na wengi wanazeeka nayo miguu yao yote miwili ikiwa mizima.

Mawese yako yapo tayari, nimeyafunga kwenye dumu, yatakuja na mtu wa basi Jumatatu. Dagaa nitaongeza.

Jumamosi ukishatobolewa kidole, nipigie ukiwa bado pale kwenye benchi. Nitajie namba kama ilivyo.

Mama yako,
Ujiji